MAISHA YA ASKARI HANDAKINI
Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na waalimu wa Nyanda za Juu za Kusini



Tumeombwa tuseme machache juu ya maisha ya askari katika mahandaki wakati wa Vita Vikuu vya mwaka 1914 mpaka 1918. Kwanza tulidhani ya kuwa jambo hili ni la Ulaya, maana mtu akitaja handaki, yule aliyesoma vitabu hukumbuka Ufaransa na Ubelgiji, mahali ambapo majeshi yalikaa ardhini miaka minne yakitazamana. Lakini tulipoanza kusoma na kuulizana, tuliona ya kuwa handaki halikuwa mbali nasi hata kidogo. Lilichimbwa Malangali, likachimbwa Lupembe, likachimbwa Mkapira kando ya mto Ruhuji, na huko mpakani karibu na Songwe. Lilichimbwa katika udongo huu huu tunaoulima mahindi na viazi.

Neno letu la leo ni moja tu, nalo twapenda mlishike tangu mwanzo. Askari aliyekaa handakini hakuishi kwa bunduki yake; aliishi kwa mzigo uliomfikia. Na yule aliyemletea mzigo huo, aghalabu jina lake limepotea. Tukimaliza kueleza siku ya askari ilivyokuwa, mtaona wenyewe ya kuwa haiwezekani kuitaja habari ya mmoja bila ya mwenziwe.

Jinsi vita vilivyotufikia

Vita vilipotangazwa mwezi wa Agosti 1914, nchi hii ilikuwa mikononi mwa Wadachi. Mji wa Mbeya ulikuwa haujajengwa bado. Boma la Serikali upande ule lilikuwa Tukuyu, nao Wadachi wakapaita Neu-Langenburg, na kituo cha askari kilikuwa Masoko. Ng'ambo ya mto Songwe ni nchi ya Unyasa, ambayo leo ni Malawi, na magharibi yake ni Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Zote mbili zilikuwa chini ya Waingereza. Tarehe 9 Septemba 1914 Wadachi waliokwisha vuka mpaka walipigana na Waingereza karibu na Karonga, wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Tangu hapo mpaka Mei 1916, yaani zaidi ya mwaka mmoja na nusu, pande hizo mbili zilikaa zikitazamana mpakani, kila upande katika maboma na mahandaki yake, wakitumiana doria na kunyang'anyana vivuko.

Mwisho wa Mei 1916 Jenerali Northey wa Waingereza alivuka mpaka kwa safu zake. Alikuwa na askari wa Keya kutoka Unyasa, na polisi wa Rodesia, na Wazungu wa Afrika ya Kusini. Tukuyu ilishikwa, kisha Njombe. Tarehe 24 Julai walipigana Malangali, na tarehe 29 Agosti wakaingia Iringa. Wengi wakadhani ya kuwa vita vimekwisha upande wetu. Kumbe sivyo. Mwezi wa Septemba Wabelgiji waliitwaa Tabora, na jeshi la Wadachi lililokuwa huko, chini ya Jenerali Wahle, likashuka kusini na mashariki likitafuta njia ya kuungana na wenzao. Njia yenyewe ilipita hapa kwetu. Basi mwezi wa Oktoba na Novemba 1916 nchi hii iligeuka vituo vidogo vidogo vilivyozungukwa: mara Waingereza wamo handakini na Wadachi wako nje, mara Wadachi wamo ndani na Waingereza wako nje.

Handaki lenyewe

Msidhani ya kuwa handaki la huku lilikuwa kama lile la Ufaransa, mstari mmoja mrefu toka baharini hata milimani. Huku nchi ni kubwa na askari walikuwa wachache. Handaki la huku lilichimbwa vipande vipande juu ya kilima, au kuzunguka ghala la chakula, au mbele ya kivuko cha mto. Mahali palichaguliwa kwa sababu mbili: mtu aweze kuona mbali, na maji yawe karibu. Aghalabu mambo hayo mawili hayapatani, maana maji hukaa bondeni na macho hukaa kilimani. Taabu nyingi za askari zilitoka katika jambo hilo moja.

Mchimbaji alichimba mpaka udongo umfikie kifuani, ili asimame ndani na kuegemeza bunduki yake ukingoni. Udongo uliotoka alirundika mbele kama tuta, akaufunika kwa majani, maana udongo mpya mwekundu huonekana toka mbali sana. Mbele ya handaki vichaka vilikatwa ili adui asipate mahali pa kujificha, na matawi ya miiba yakapangwa kuzunguka, kama vile mfugaji azungushavyo zizi lake. Kazi hii yote ilifanywa kwa majembe, sururu na sepetu, na mara nyingi ilifanywa usiku, kwa kuwa mchana mtu akiinua mgongo alikuwa akijitoa kwa risasi.

Kijana akisikia neno vita, hufikiri habari za kupiga bunduki. Lakini askari wa handakini alishika jembe siku nyingi kuliko alivyopiga risasi. Handaki halikwisha kuchimbwa. Mvua ikinyesha kuta hubomoka. Jua likiwaka udongo hupasuka. Na pengine baada ya kuchimba majuma mawili, amri ilitoka usiku kwamba wote waondoke kimya kimya, waliache handaki tupu, wakachimbe jingine mbali. Wadachi walifanya hivyo huko Namema mwaka 1916: walizungukwa, nao usiku wakajipenyeza wakatoweka, na asubuhi Waingereza wakakuta mashimo matupu.

Siku ya askari

Siku ilianza kabla ya jua kutoka. Saa kumi na moja kasoro za alfajiri kila mtu aliamshwa kwa kuguswa bega, wala hapana tarumbeta, akasimama mahali pake na bunduki mkononi mpaka kupambazuke. Sababu yake ni hii: adui hupenda saa ile, kwa kuwa mlinzi amechoka na ukungu umetanda. Askari wa Keya na wenzao waliozungukwa Mkapira mwisho wa Oktoba 1916 walikaa mahandakini yapata siku kumi. Kisha, alfajiri ya tarehe 30, hawakungoja tena, bali walitoka wao wakawashambulia Wadachi waliowazunguka, wakawavunja. Aliyelala alfajiri, vita vilimkuta amelala.

Kulipokucha salama, watu waligawanywa. Wengine walikwenda doria, wengine walitengeneza kuta, wengine walipewa ruhusa ya kulala kidogo. Kupika kulikuwa ni shauri gumu. Ukiwasha moto mchana, moshi waonyesha mahali ulipo. Ukiwasha usiku, mwanga waonyesha vile vile. Kwa hiyo mahali palipokuwa na hatari watu walipika upesi nyuma ya kilima, na ugali ukaletwa mahandakini umekwisha poa. Kwa upande wa Wadachi, wake wa askari wengi walifuatana na waume zao vitani, pamoja na watoto na maboi, na wao ndio waliotwanga na kupika. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na chungu kichwani alitembea safari ile ile ya askari, wala hakuwa na handaki la kujificha.

Mchana ulikuwa mrefu. Jua lilipanda, na mtu ndani ya shimo hapati upepo. Kazi yake ilikuwa ni kusafisha bunduki, kwa kuwa mchanga ukiingia ndani bunduki hukataa kufanya kazi. Askari wengi wa Wadachi, hasa mwanzo wa vita, walikuwa na bunduki za zamani zenye baruti nyeusi itoayo moshi mwingi. Mtu akipiga mara moja, wingu jeupe lilisimama juu ya kichwa chake, na wale wa upande wa pili wakajua mahali pa kulenga. Kwa hiyo askari wa bunduki ya namna hiyo alijifunza kupiga mara chache na kuhama mahali. Lakini jambo lililoogopwa kuliko yote ni bombom, yaani mzinga mdogo wenye kutapika risasi nyingi kwa mfululizo. Bombom moja iliyowekwa vema iliweza kuwazuia watu mia wasivuke uwanda mmoja.

Jioni watu walisimama tena mahali pao kama alfajiri, mpaka giza liingie kabisa. Ndipo wachota maji waliposhuka bondeni na madebe yao. Hawakuruhusiwa kusema wala kugonganisha madebe. Hapo ndipo mtu alipojua thamani ya maji: wenzake walio juu wamekaa mchana kutwa wakimngoja, na adui naye amlia nafasi pale pale mtoni.

Usiku zamu ziligawanywa kwa saa. Mlinzi alisikiliza. Fisi walikuwa wengi, maana palipo na vita hawakosi chakula. Mlinzi mgeni aliposikia majani yakitikisika alipiga bunduki, na handaki zima likaamka likapiga pamoja naye, kumbe ni mnyama. Mlinzi mzoefu alizuia pumzi, akangoja asikie mara ya pili.

Baridi

Ninyi mliozaliwa huku mwaijua baridi ya Juni na Julai. Lakini fikirini mtu aliyetoka kando ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo usiku hulala bila nguo, akapandishwa mpaka Njombe, ambako ni zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari, au akavushwa milima ya Uporoto na Ukinga. Asubuhi sakitu imelala juu ya majani, nyeupe kama unga. Askari wa Keya wengi walikwenda miguu mitupu au kwa viatu vya ngozi, wamevaa kaptura na fulana ya sufu, na blanketi moja. Vita vya Malangali vilipiganwa mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe. Askari alikuwa na ukuta wa udongo wa kumkinga na risasi, lakini udongo haukumkinga na baridi, ulimwongezea.

Kisha masika ilikuja, tangu Novemba hata Aprili, nalo handaki likawa mfereji. Mtu alisimama ndani ya maji, akalala katika tope. Miguu ilivimba, na funza waliingia vidoleni. Wengi walilemazwa na funza, nao ni mdudu mdogo kuliko chembe ya ulezi. Ziongezeni homa, na kuhara damu, na kichomi. Katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki, magonjwa yaliua watu wengi kuliko risasi. Na katika wote waliouawa na magonjwa, waliozidi ni wachukuzi.

Hesabu ya mzigo

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Askari aliye juu ya kilima hawezi kulima wala kuwinda. Chakula chake, na risasi zake, na kwinini yake, vyote vyapasa viletwe. Vitu vya jeshi la Northey vilipita Unyasa, vikapakiwa merikebu katika Ziwa Nyasa, vikashushwa Mwaya upande wa kaskazini wa ziwa. Toka Mwaya, njia yapanda. Ziwa lipo yapata futi 1,500 juu ya bahari. Tukuyu ni yapata futi 5,000. Njombe ni juu zaidi. Motakaa zilikuwako chache, nazo mvua ikinyesha zilizama katika tope. Wanyama wa kuchukua mizigo hawakudumu, hasa katika nchi za chini zenye ndorobo. Mnyama aliyebaki ni mwanadamu. Huko Unyasa na Rodesia watu hao waliitwa tengatenga. Sisi twawaita wachukuzi au wapagazi.

Waalimu, hesabu hii mwaweza kuwapa watoto shuleni. Tuseme mchukuzi ametwikwa unga ratli 50. Tuseme yeye mwenyewe hula ratli 2 kila siku. Safari ya kwenda ni siku 10, na ya kurudi ni siku 10, jumla siku 20. Katika siku hizo atakula ratli 40. Basi katika zile ratli 50, zitakazomfikia askari ni ratli 10 tu. Na askari naye akila ratli 2 kila siku, kwa siku zile zile 20 ataka ratli 40. Je, wachukuzi wangapi watamlisha askari mmoja? Ni wanne. Na hapo hatujahesabu risasi, wala mablanketi, wala dawa, wala mzinga uliofunguliwa vipande ukapandishwa mlimani mabegani mwa watu.

Tena endeleeni na hesabu. Jeshi likisonga mbele, safari ikawa siku 12 na nusu kwenda na siku 12 na nusu kurudi, mchukuzi atakula ratli zote 50 njiani, na askari hatapata hata punje moja. Hapo ndipo wakubwa wa jeshi walipolazimika kufanya moja katika mambo mawili: kumpunguzia mchukuzi chakula chake, au kuchukua chakula cha wenyeji. Walifanya yote mawili. Mchukuzi alipunguziwa posho, akala unga usioiva vema kwa kukosa kuni na nafasi, tumbo likaharibika, akaanguka njiani. Mzigo wake akatwikwa mwingine.

Wengi wao hawakwenda kwa hiari. Waliandikwa kwa amri, au walikamatwa vijijini, upande wa Waingereza na upande wa Wadachi sawasawa. Kwa jumla, katika nchi zote za Afrika ya Mashariki na jirani zake, Waingereza peke yao waliwatumia wachukuzi wapatao milioni moja, na waliokufa walikuwa makumi kwa makumi elfu. Hawakuwa na bunduki, wala hawakuchimbiwa mahandaki. Risasi zilipoanza kulia walilala juu ya ardhi tupu kando ya mizigo yao, kwa kuwa aliyetupa mzigo aliadhibiwa.

Wenyeji na ndugu wa pande mbili

Wahenga walisema, Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyika. Nyika ile ilikuwa ni sisi. Ilikuwa haijapita miaka kumi tangu Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata, na mara majeshi mengine yakapita. Wadachi walipopita walichukua nafaka na ng'ombe. Waingereza walipowafuata walichukua yaliyobaki. Mwaka 1917 jeshi la Wadachi lililoongozwa na Wintgens liliachana na wenzake kusini, likapita tena katika nchi hii likielekea kaskazini, na Waingereza wakalifuata. Watu wakakimbilia milimani na misituni na mbegu zao. Shamba lisilopandwa mwezi wa Desemba halina mavuno mwezi wa Juni. Hilo hata mtoto alijua.

Tena yafaa tuseme wazi jambo ambalo wengine hupenda kulificha. Watu wetu walikuwa pande zote mbili. Kijana mmoja aliandikwa na Wadachi, na binamu yake akawachukulia Waingereza mizigo. Askari wa Wadachi walipotekwa, wengi walijiandikisha kwa Waingereza. Kikosi cha Sita cha Keya kilipoundwa upya mwaka 1917, kilijazwa kwa sehemu kubwa na askari waliokuwa wa Wadachi hapo kwanza. Kwa hiyo mtu asije akauliza leo, Babu yako alikuwa upande gani, kana kwamba ni jambo la kujivunia au la kuaibika. Shauri la vita hivyo lilikatwa Ulaya. Waliochimba na waliobeba hawakuulizwa.

Mwisho wake

Mwisho wa Septemba 1918 jeshi la Wadachi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilirudi kutoka nchi ya Wareno, likapita Ubena na karibu na Mbozi, likavuka kuingia Rodesia ya Kaskazini. Lilikuwa limekwisha shikwa na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima mwaka ule. Jenerali Wahle mwenyewe, yule aliyepigana hapa mwaka 1916, aliachwa mgonjwa huko Ubena. Vita vya Ulaya vilikwisha tarehe 11 Novemba, lakini habari zilichelewa, na Wadachi waliweka silaha zao chini mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Wachukuzi waliorudi makwao walirudi na ile homa, na wengi waliokuwa wamepona risasi na baridi wakafa kitandani mwao.

Mahandaki yakaachwa. Nyasi ziliota, mvua ikaporomosha kuta, wakulima wakayafukia. Leo mtu apitaye aweza kuona bonde dogo lililopinda juu ya kilima, asijue ni nini.

Majina

Sasa twaja kwenye jambo linalotusukuma kusema haya yote. Mchukuzi wa Waingereza alipoandikwa alipewa namba. Jina lake na la kijiji chake viliandikwa na karani aliyesikia lugha ngeni kwa haraka, akaandika kama alivyosikia. Mtu akifa, na jina limekosewa, mshahara wake hauna pa kwenda. Ndivyo ilivyokuwa: mishahara mingi ya wachukuzi waliokufa haikuwafikia wake zao wala watoto wao, na kwa miaka mingi baada ya vita maofisa waliandikiana barua juu ya fedha hizo zisizodaiwa. Hazikudaiwa kwa sababu mwenye kudai hakujulikana, na hakujulikana kwa sababu jina liliandikwa vibaya au halikuandikwa kabisa. Na waliowachukulia Wadachi mizigo, wengi hawakuandikwa katika daftari lolote lililobaki. Askari wa Wadachi wenye hati walilipwa malimbikizo yao katika miaka ya 1920. Mtengatenga hati yake ilikuwa ni kovu la begani.

Mjini Dar es Salaam iko sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yawakumbuka askari na wachukuzi pamoja. Ni jambo jema. Lakini sanamu ile haitaji jina la mtu hata mmoja. Na mtaa wa Kariakoo ulipata jina lake kwa kikosi cha wachukuzi, nao waendao sokoni kila siku ni wachache wajuao.

Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi wake. Ilikiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi katika hao ni Waafrika wa Mashariki na Wamisri. Tume iliomba radhi, ikaahidi kutafuta. Lakini mtu wa mbali atatafuta wapi? Katika makaratasi, na makaratasi ndiyo yaliyokosea. Kilichobaki kiko kwetu, katika majina ya koo, katika matambiko, katika maneno ya bibi anayesema, Huyu aliitwa kwa jina la babu yake ambaye hakurudi kutoka safari ya mizigo.

Watu husemezana sana juu ya ziwa la Masoko, kwamba Wadachi walipokimbia walitupa fedha zao majini, na wako vijana wanaozamia kutafuta rupia. Hatuwalaumu. Ila twauliza: rupia zatafutwa chini ya maji, na majina yaliyo juu ya nchi kavu, midomoni mwa wazee wetu, nani anayatafuta?

Maombi yetu

Basi twaomba mambo matatu, nayo hayana gharama.

La kwanza, kila mwalimu awape wanafunzi wake kazi ya kuwauliza wazee wa nyumbani: katika ukoo wetu, nani alikwenda vitani, askari au mchukuzi, na nani hakurudi? Waandike jina kama litamkwavyo katika lugha ya nyumbani, si kama karani alivyosikia. Waandike na jina la kijiji, na upande aliotumikia, na mahali alipofia kama panajulikana. Asiwekwe mbele askari na nyuma mchukuzi. Waandikwe katika daftari moja.

La pili, wazee wa kila mahali waonyeshe palipochimbwa mahandaki. Hatusemi watu waache kulima. Twasema angalau pajulikane, ili mtoto apitapo aambiwe, Hapa watu walikaa shimoni wakingoja maji na unga.

La tatu, daftari likishajaa lisikae nyumbani kwa mtu mmoja. Lifanyiwe nakala, moja ibaki shuleni, moja ibaki kwa wazee, moja ipelekwe mahali panapotunzwa kumbukumbu za nchi. Tumekwisha ona hasara ya jina kuandikwa mahali pamoja na kukosewa.

Wale walioviona vita vile wamekwisha kufa wote. Wajukuu waliosikia kwa masikio yao sasa ni wazee, na baada yao hapatakuwa na wa kuulizwa. Mchukuzi alimletea askari uhai wake ratli kumi kumi, akipanda mlima kwa miguu yake. Sisi hatukuambiwa kubeba ratli 50. Twaombwa kubeba jina moja kila mmoja wetu, tulifikishe salama.

Tumemaliza.